Kura ya Mama Gundi

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata huko lilishaanza kufutika. Wasomaji wa maktaba walimwita Mama Gundi, naye aliitika bila kinyongo, maana gundi ilikuwa kwenye kucha zake, kwenye mikono ya sweta, na safari moja hata kwenye nywele. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu vilivyochoka. Aliifanyia nyumbani kwake, kwenye meza ya chakula, na wanawe wote walikua wakila na sahani mapajani.

Ukiitazama, ni kazi ya kukatisha tamaa. Kitabu kikivunjika mgongo unakivua jalada, kinabaki mafungu mafungu ya kurasa. Unayapanga yafuatane, unayashona kwa uzi, unayapaka gundi, unayagandamiza chini ya ubao mpaka yakauke. Kisha kinarudi kwa watu wale wale wanaokunja pembe za kurasa na kusoma huku wanakula.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la rangi, na rafu zake zilijaa pomoni. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Kitabu kikichakaa, mkutubi alikiweka mezani siku ya Jumamosi, wasomaji wakakisema mema na mabaya yake, halafu wakanyoosha mikono: kishonwe au kitupwe. Kura zikilingana, neno la mwisho lilikuwa la Mama Gundi, kwa sababu mgongo utakaouma ni wake. Miaka yote hiyo hakuwahi kusema kitupwe. Alishashona mpaka kitabu cha kutengeneza redio za aina ambayo hakuna tena anayeimiliki.

Jumamosi hii alikuja akiwa ameshaamua. Kura zikilingana, atasema kitupwe.

Kitabu kilikuwa riwaya ya vijana wanne wanaobeba mabegi mgongoni na kuvuka milima kutafuta bonde ambako, kwa walivyosikia, mtu hachoki wala hatumwi. Pepo ya hapa hapa duniani. Mama Gundi hakuwahi kuisoma. Aliishona mara moja tu, miaka ya nyuma, na haukupita muda kitinda mimba wake, aliyekuwa akiisoma pale pale mezani, akanunua begi la mgongoni. Hakuaga vizuri, na hakuagwa vizuri. Mama alisimama mlangoni akamwambia, "Ukitoka na hilo begi, hesabu huna chumba hapa."

Akatoka nalo. Tangu hapo alipiga simu mara moja moja, leo yuko mji huu, kesho mwingine, wakaulizana habari za mvua kama watu wasiojuana. Mama hakumuuliza hata siku moja anarudi lini. Alishamsamehe zamani, ila hakujua aanzie wapi kulisema, na hasira iliyobaki akaihamishia kwenye kitabu. Kitabu hakijibu, na ukikichukia hakikusemi kwa majirani.

"Hiki ni kitabu cha kumpa kila kijana," alianza mwalimu mstaafu, mtu wa miwani na sauti ya darasani. "Kinaonya. Mimi kilinitoa machozi. Kishonwe."

Muuguzi, aliyekuja na sare yake moja kwa moja kutoka zamu, alimtazama kwa mshangao. "Shikamoo mwalimu, lakini kinaonya wapi? Vijana wanasimama juu ya mlima, wanaliona bonde, wanayatupa mabegi wanashuka wakicheka. Basi, kimeisha. Mimi nawapokea wodini hao wanaorudi kutoka safari kama hizo, wamekonda hadi mama zao hawawatambui. Kitabu kinachomwambia mtoto nenda tu utafika, ni kitabu cha uongo."

"Kusoma nusunusu ndio ugonjwa wa siku hizi, binti yangu."

"Nimekimaliza, mwalimu. Mpaka jalada la nyuma."

Wakagawanyika. Waliokisoma zamani walikuwa na mwalimu, waliokisoma karibuni walikuwa na muuguzi. Watu wazima wakasema vijana hawana subira ya kufika mwisho. Vijana, kwa adabu zao zote, wakasema watu wazima wanachanganya vitabu. Kila upande uliuhurumia mwingine, na hakuna aliyefikiria kwamba wote walikuwa wanasema kweli. Mikono iliponyooshwa, kura zikalingana. Vichwa vikageuka kumtazama Mama Gundi.

Alikuwa ameshafungua mdomo. Neno lilikuwa ulimini.

"Samahanini jamani," alisema mzee mmoja mfugaji, ambaye kila mtu alimwita Bwana Kuku. Alikuja kurudisha kitabu cha ufugaji tu, akanogewa na ubishi. "Hao vijana wa mabegi, si ndio wale wanaofika huko bondeni wakakuta watu wanalima vitunguu mvuani?"

Mwalimu akageuka. "Ndio hao. Umeisoma riwaya?"

"Riwaya? Mimi? Hao wako humu, mwisho wa kitabu cha kuku, baada ya minyoo. Nilidhani mwandishi amechoka na kuku."

Watu walicheka mpaka mkutubi akagonga meza. Mama Gundi hakucheka. Alikichukua kitabu cha kuku, akakifungua mwishoni, na kabla ya kusoma neno hata moja aliuona uzi. Uzi wa kijani, ule aliowahi kuupata kwa bei ya chee na kuutumia mpaka ukaisha. Mishono ilikuwa yake, mizuri, iliyonyooka. Fungu la mwisho la riwaya alilishona kwenye kuku kwa mkono wake mwenyewe.

"Nipeni mpaka Jumamosi ijayo," alisema, akavibeba vitabu vyote viwili akaondoka. Nyuma yake mwalimu na muuguzi walikuwa wanaangaliana wasijue nani amwombe radhi mwenzake.

Alilisoma fungu lile jikoni akiwa amesimama, bila kuvua viatu. Bondeni kulikuwa na watu kama watu wengine, wanachoka, wanatumwa, na vijana wao walitamani kuondoka. Wawili kati ya wale wanne walichukuliwa na mto. Wa tatu alibaki kwa kuona aibu kurudi. Wa nne alirudi kwao jioni moja, akamkuta mama yake ameketi kwenye benchi anamenya viazi. Mama hakuuliza kitu. Alisogea, akampa kisu, wakamenya wote wawili, na riwaya ikaishia hapo.

Mama Gundi alilia kwa sauti, peke yake, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Aliona kwamba yeye ndiye aliyemng'oa mama yule kwenye kitabu, na mwanawe akaondoka akiamini kwamba mwisho wa safari ni kutupa begi na kushuka mlima akicheka. Akanawa uso. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampigia mwanawe simu yeye mwenyewe.

"Mama? Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Kile kitabu cha mabegi, mwanangu, nilikishona vibaya. Mwisho wake ulitoka. Ulisoma nusu. Nataka nikusomee sehemu iliyobaki."

"Mama, mimi nilikisoma chote."

"Utakisomaje chote na mwisho haumo?"

"Nilikisoma kabla hujakishona, kikiwa vipande hapo mezani. Fungu la mwisho nililala nalo. Asubuhi nikalirudisha kwenye rundo la karibu, sikuangalia rundo la nini."

"La kuku."

"Basi hao kuku ni kosa langu."

Mama alivuta kiti akakaa. "Kwa hiyo ulijua kwamba wanakufa."

"Nilijua."

"Na bado ukaenda."

"Nilijua pia kuna mmoja anarudi. Anamkuta mama yake anamenya viazi. Hicho ndicho kilichonipa moyo wa kuondoka, mama. Halafu nikafika mlangoni, ukaniambia sina chumba."

Kitabu hakikuwa na kosa, na uzi wa kijani haukuwa na kosa la kutosha kulaumiwa. Lililobaki lilikuwa lile neno la mlangoni, na lilikuwa lake peke yake. Mama Gundi aligeuka akakitazama chumba cha mwanawe. Kitanda hakikuonekana. Vitabu vilivyosubiri kushonwa vilirundikwa juu yake, chini yake, na dirishani mpaka mwanga haukupita.

"Chumba kipo," alisema.

"Mama. Kina nini sasa hivi?"

"Vitabu."

Kijana alicheka kidogo, cheko lake la utotoni, na mama akalisubiri liishe ili asikike vizuri.

"Unarudi lini?" aliuliza.

Kijana hakukata simu. Mama Gundi aliibana kati ya sikio na bega, akaingia chumbani, akaanza kuvitoa vitabu kitandani, kimoja kimoja, akivipanga sakafuni ukumbini.