Gari la Mninga na Kengele Iliyochelewa

Juzi nilifika Ilembo kumsalimia bibi, nikapitia uwanja wa shule yetu ya msingi. Ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu bado inaning'inia, imeliwa na kutu. Usinicheke, rafiki yangu, lakini nilisimama pale nikakasirika upya, mtu mzima mwenye watoto.

Siku zile kila Ijumaa tulishindanisha magari ya mbao. Mnazunguka uwanja tangu masomo yaishe mpaka kengele ya kushusha bendera saa kumi, mmoja anaendesha, mwenzake anasukuma, mkichoka mnabadilishana. Wenye mizunguko mingi ndio mabingwa, ila gari ambalo halitembei kengele inapolia halihesabiwi. Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe, kiherehere changu.

Gari la kwanza tuliloliunda mimi na kaka yangu lilikuwa na magurudumu ya mti mlaini, yakapasuka mzunguko wa tatu. La pili tukachonga ya mninga, mti mgumu. Hayo hayakupasuka, lakini ekseli ilisuguana mpaka ikatoa moshi, kaka akaimwagia maji yetu ya kunywa. Tulichekwa muhula mzima. Ndipo mjomba, mrina asali wa kule Ugalla, akatuletea bonge la nta. Tukaunda la tatu, tukaipaka ekseli, likateleza bila kelele. Bibi alikuwa akikoroga maharage jikoni huku analalamika, "Nyie watoto, hilo gari linamaliza nta yote, na kuniletea maji kisimani halifiki!"

Ijumaa yetu ya mwisho darasa la saba tuliongoza tangu mwanzo. Vumbi jekundu mdomoni, viganja vimechubuka, nta inanukia kwa joto. Tulikuwa mbele kwa mizunguko miwili. Kivuli cha mlingoti kikafika kwenye jiwe letu la saa kumi, nikatega sikio. Kimya. Tukazunguka tena, na tena. Mzunguko wa tatu ekseli ikakatika, gari likalala ubavu. Tukiwa bado tunalinyanyua, kengele ikalia.

Nilimfuata mwalimu wa zamu nikilia kwa hasira. Chuma cha kugongea kilikuwa bado mkononi mwake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimejisahau. Nilikuwa nawaangalia nyie."

Kesho yake bibi alilipasua gari akapikia maharage. Mninga unawaka vizuri, alisema, na mimi nikayala nimenuna. Hatukuunda la nne.

Sasa uwanja ule umejaa magugu, na njia yetu ya kuzunguka haionekani. Nilimpigia simu kaka palepale, nikamwambia nipo uwanjani, nalikumbuka gari letu. Akauliza, "Gari gani?" Nilikata simu. Mtu pekee aliyeliangalia gari lile mpaka akasahau saa ni mwalimu, na mwalimu tulishamzika.