Ng'washi Aokota Wimbo Mbugani

Kiwanda kimoja cha nguo huko Nyakato, Mwanza, kilipopunguza wafanyakazi, wanawake wengi wa zamu ya Ng'washi walifungua magenge ya nyanya au walirudi vijijini kulima. Ng'washi alinunua baiskeli ya Foniksi, akamwambia fundi wa Mkolani amwongezee keria ya chuma, kisha akatangaza kwamba atapeleka dagaa mnadani, ng'ambo ya Mabuki, kama wanavyofanya wanaume.

Watu walicheka. Mwanamke juu ya baiskeli hakuwa kitu kigeni Usukumani. Kilichowachekesha ni safari yenyewe. Kutoka Mkolani hadi mnadani ni mwendo wa kutwa nzima na gunia mgongoni mwa baiskeli, na sehemu ya mwisho ni mbuga tupu ambako mtu aliye peke yake husimamishwa na vibaka, akarudi kwa miguu. Hakuna aliyevuka pale bila msafara, na msafara ulikuwa wa Masalu.

Masalu alikuwa ameongoza kikundi cha kulima ujanani, na baiskeli aliziongoza vilevile. Alikaa mbele akiimba, wenzake wakaitikia, na miguu ikashuka kwa pamoja kama majembe. Ndiyo maana walimwita manju. Sheria yake ilikuwa moja: atakayebaki nyuma hadi asiusikie tena wimbo, amejitoa. Siku hiyo hangojewi, na safari nyingine hapokelewi.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1996. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamekwisha kupita vijijini, na kila mwenye kitu cha kuuza alikitaka kifike kabla fedha hazijaisha mikononi mwa wakulima. Alfajiri Ng'washi aliikokota baiskeli yake hadi pale msafara ulipokuwa ukikaza mizigo.

"Shikamoo, bhabha."

"Marahaba," alijibu Masalu bila kuinua kichwa, akamwita mama kwa Kisukuma. "Unakwenda wapi, mayu?"

"Mnadani."

"Huko ni safari ya wanaume."

"Dagaa wangu hawajaambiwa."

Mmoja wao, Chenge, mtu mnene aliyeishi kwa utani, alipiga kofi tandiko la baiskeli yake. "Mwacheni aje! Akichoka tutamfunga juu ya gunia."

"Ukichoka wewe nitakufunga juu ya langu," Ng'washi alimjibu. "Ila upunguze tumbo kwanza, keria yangu ni ya dagaa."

Wanaume walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Masalu hakucheka.

"Sheria unaijua?"

"Naijua."

"Basi kaa mkiani."

Akakaa mkiani. Mbele yake alikuwa Jovitus, Mhaya aliyekuwa karani wa stoo kiwandani kwao, naye akapunguzwa mwaka uleule. Miaka yake yote ya Mwanza haikumfundisha Kisukuma cha nyimbo. Wenzake walipoitikia maneno, Jovitus aliguna tu sauti inayofanana na maneno hayo, na hakuna aliyemjali kwa kuwa miguu yake haikukosea.

Walipita Usagara jua likichomoza, wakapita Misungwi, na Mabuki wakashuka kunywa chai. Ng'washi alikunywa yake akiwa amesimama. Mapaja yalikuwa yakiwaka moto, na alijua kwamba akikaa chini watamwona anavyonyanyuka.

Walipoiacha barabara kuu na kuingia mbugani, Masalu alibadilisha wimbo. Aliuchukua mmoja wa mashindano ya ngoma, wa haraka, ambao mtu huucheza dakika chache kisha akaenda kupumzika. Magurudumu yakakimbia. Nafasi kati ya Ng'washi na Jovitus ikawa ya hatua chache, kisha ya shamba zima, kisha akawaona wote kama kuku wanaofuatana kwenye vumbi.

Lakini upepo wa Agosti hutoka mbele kwa anayekwenda huko, na ulikuwa mkali siku hiyo. Uliwapiga kifuani wale waliokimbia, ukauchukua wimbo na kumletea Ng'washi neno kwa neno. Akawa anaitikia. Hapakuwa na wa kumsikia, naye hakumwitikia mtu. Aliitikia kwa sababu alikuwa ndani ya msafara.

Alimwona Masalu akigeuza kichwa. Akamwona akigeuza tena. Kisha wimbo ukakatika, katikati ya mstari, kama uzi wa mtambo.

Ng'washi aliendelea kukanyaga, akisubiri. Hakikuja kitu ila upepo. Ndipo akaelewa. Jioni Masalu angemuuliza mbele ya watu kama aliusikia wimbo njia nzima, na jibu la kweli lingekuwa hapana.

"Huyu baba!" alisema peke yake, akasimama juu ya pedali.

Ukimya ule uliwagharimu wenyewe. Walikuwa wamekwisha kuchoshwa na mbio, na sasa kila mtu alikanyaga kivyake, huyu akifunga breki, yule akiyumba, upepo ukiwarudisha mmoja mmoja. Ng'washi hakukimbia kupita uwezo wake. Alimfikia Jovitus pale ambapo njia inazunguka lambo lililokauka.

"Kulikoni?"

"Ameamuru tunyamaze," Jovitus alisema, akikwepa kumtazama.

"Na wewe ukanyamaza."

"Ningefanyaje, Ng'washi?"

"Ungeguna kama siku zote."

Kisha Ng'washi akaimba. Hakutafuta wimbo wa mbio. Aliimba wa kulimia, ule wa mama yake, mzito na wa polepole, unaofaa kwa udongo mgumu na jua la mchana.

"Jembe langu zito, nani kalifunga?"

Jovitus aliguna jibu lake. Maneno hakuyajua, lakini mguu wake ulishuka pamoja na wa Ng'washi.

"Nani huyo anayetulimisha juani?" Chenge alipiga kelele kutoka mbele. Lakini alipofika mwisho wa swali lake, pedali zake zilikwisha kuufuata wimbo, na mstari uliofuata akauitikia kwa sauti nene kuliko wote.

"Nani kalifunga?"

Wakaingia mmoja baada ya mwingine. Kila mlimaji anajua kwamba kazi hufuata wimbo, hata wimbo ukihama mdomo. Walimpisha, akapita kando ya Chenge, akapita kando ya wengine, hadi mbele yake hakuna mtu ila Masalu peke yake. Masalu hakugeuka wala hakuitikia. Aliinama juu ya usukani, akakazana, mgongo wake ukawa mdogo, ukapotea.

Mnadani walimkuta ameketi juu ya gunia lake.

"Nani amekupa wimbo?" alimuuliza Ng'washi hata kabla hajashuka.

"Uliuangusha, bhabha. Nimeuokota."

"Msafara ni wangu!"

"Na sheria ni yako. Uliusikia wimbo?"

"Mimi nilikuwa mbele."

"Sijauliza ulikuwa wapi. Uliusikia?"

"Niliusikia," Masalu alisema.

"Basi tuimbie kipande cha mwisho. Sote tutakuitikia."

Wanaume walisimama na baiskeli zao mikononi. Upepo uliompelekea Ng'washi wimbo asubuhi ndio uliomnyima Masalu mchana.

"Manju, umejitoa," alisema Chenge. Ilitoka kama utani, lakini hakuna aliyecheka.

Wakamtazama Ng'washi. Alikuwa anafungua mipira iliyokaza gunia lake.

"Mimi nimevuka mbuga kuja kuuza dagaa," alisema. "Sikuja kufukuza mtu. Kesho tunarudi. Anayetaka kwenda na sisi akae mahali atakaposikia."

Kesho yake Masalu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga vitu vyake. Aliisogeza baiskeli yake mbele ya zote, kama alivyozoea, akasafisha koo. Ng'washi akaleta yake ubavuni mwa ile, gurudumu kwa gurudumu, akaanza kuimba kabla yake. Wakaondoka hivyo, wawili sambamba, nyuma yao wenzao wakiitikia. Njia ya mbugani ni nyembamba, haichukui baiskeli mbili. Ng'washi hakumtazama wala hakupunguza mwendo.

Masalu ndiye aliyegusa breki.