Mtamba Niliyemtibu kwa Kubahatisha

Ujumbe wa mshauri ulinikuta dukani kwangu Bunda, nikipanga chupa za dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mradi mmoja wa wafanyabiashara wadogo ulikuwa umenichagua, mimi na wengine wachache wa mkoa wa Mara, tukutane Musoma Jumanne na mshauri huyo, mtaalamu wa akili mnemba. Kila mmoja angepewa nusu saa ya kuoneshwa namna mashine hiyo inavyoweza kusaidia biashara yake. Nilifurahi mpaka niliposoma chini. Tulitakiwa tujiandae. Tuandike maswali matatu ambayo wateja hutuuliza sana, na majibu tunayowapa, halafu tuandike swali moja lililowahi kutushinda. Nikakasirika. Mtaalamu gani huyu anayekupa kazi ya nyumbani kabla hata hajakuona?

Matatu yalinitoka haraka: kupe, minyoo, kuku wanaosinzia. Kwenye la nne nikaandika "Hakuna."

Sikuandika kwa utani. Ninauza dawa za mifugo katika nchi ambayo ng'ombe ni wa wanaume, na kuwajua ng'ombe ni kwa wanaume zaidi. Nilipofungua duka, wazee walikuwa wakiingia, wananitazama, kisha wanauliza mwenye duka yuko wapi. Cheti changu nilikipata kihalali, lakini duka lilinifundisha somo jingine: mwanamke akisita hata kidogo mbele ya mfugaji, amekwisha. Kwa hiyo sikusita. Nilikuwa najibu kabla mtu hajamaliza kueleza. Wakaanza kuniita daktari, na mimi sikuwasahihisha.

Jumapili baada ya ibada nilikaa nyumbani Manyamanyama, nikaiweka programu ya akili mnemba kwenye simu kama ujumbe ulivyoelekeza, nisije nikaenda Musoma kuduwaa mbele za watu. Nikaiuliza kuhusu kupe. Ikajibu kwa Kiswahili, tena kilichonyooka kuliko changu. Nikaiuliza kuhusu minyoo ya mbuzi. Ikajibu, na ikanikumbusha jambo nililosoma chuoni nikalisahau. Nilisimama, nikaizunguka meza, nikarudi kukaa. Nimeona mambo mimi. Niliona umeme ukifika kwetu Bugwema, na bibi yangu akiipulizia taa aizime. Lakini kitu hiki kilinitia hofu yenye heshima ndani yake, kama unapoingia kanisani ukakuta hamna mtu.

Ndipo nikataka kuipima. Nikaandika: mtamba ana homa, hali majani, amezubaa, kupe wamejaa masikioni, nimpe dawa gani?

Mtamba huyo sikumtunga. Mwaka mmoja nyuma alikuja dukani mama mmoja mjane kutoka Butiama. Kwenye boma lao ng'ombe wote walikuwa wa kaka za marehemu mumewe, isipokuwa mtamba mmoja mwekundu, bado hajazaa, ambaye alimpata kwa jasho la bustani yake ya nyanya. Shemeji yake mkubwa alikuwa amemcheka tangu siku anamleta. Sasa mtamba alikuwa anaumwa. Aliniambia kwamba alikuwa ameyapita maduka mengine akaja kwangu kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzake. Nikasema ni ndigana baridi, mojawapo ya magonjwa ya kupe, nikampa dawa, nikamwelekeza sindano. Siku ya tatu mtamba akafa.

Yeye hakurudi kuniambia. Nilisikia kwa mteja mwingine, aliyesimulia akicheka kwamba yule shemeji anatangaza kote kuwa mwanamke hana mkono wa ng'ombe. Nilicheka naye. Hilo ndilo ninaloona aibu nalo mpaka leo.

Mashine ikanijibu: "Kwa maelezo haya peke yake, siwezi kujua." Kisha ikaanza kuniuliza mimi. Je, tezi za chini ya masikio na mbele ya mabega zimevimba? Anakohoa, anapumua kwa shida? Fizi zake zimepauka? Kinyesi ni kigumu? Ikasema ndigana baridi na ndigana kali huweza kufanana mwanzoni, ila tezi zilizovimba ni dalili ya ndigana kali; dawa zake ni tofauti, na ni vizuri mnyama apimwe na daktari wa mifugo.

Nilisoma mara nne. Kitu kilichosoma vitabu kuliko vyuo vyetu vyote vikiwekwa pamoja kilikuwa kinasema hakijui, tena bila kuona aibu, na hakuna aliyekicheka. Mimi mwenye cheti kimoja ukutani sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mteja.

Halafu nikakumbuka. Yule mama alikuwa amesema. Nilipokuwa nageuka kuchukua chupa kwenye shelfu alisema "na huku chini ya sikio pamevimba," akashika shingo yake mwenyewe kunionesha. Nilimsikia. Ilikuwa ndigana kali, na mimi nilikuwa nimeshajibu, kwa hiyo sikutaka kurudi nyuma. Nililia pale mezani kama mtoto.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na mwaka mzima na ilikuwa bado inaendelea. Mshauri alikuwa ananisubiri Jumanne. Jumatatu nilifunga duka, nikapanda gari mpaka Makutano, nikachukua pikipiki mpaka Butiama.

Nilimkuta yule mama anaanika udaga wa muhogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Akanikaribisha kwa furaha, akaniita daktari. Nikamwomba asiniite hivyo, nikashindwa kukaa kwenye kigoda alichonipa.

"Mama yangu," nikasema, "yule mtamba hukumuua wewe. Ulinieleza vizuri, na uvimbe ukanionesha. Mimi ndiye nilikuwa sijui, nikaogopa kusema sijui."

Aliendelea kugeuza vipande vya muhogo, kimoja kimoja. Nilingoja matusi, nikaona yananistahili. Hakutukana. Aliniuliza kama ningesema sijui siku ile, yeye angefanya nini. Nikamwambia ningemtuma kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na dawa ya ndigana kali ilikuwepo.

"Ningeenda," akasema. "Mwaka mzima nilikuwaga najiuliza nilikosea wapi. Hata maji niliyomnyweshaga nimeyafikiria."

Akasimama, akajifuta unga kwenye kanga, akaita kuelekea zizini. Shemeji yake akatoka, mzee mrefu mwenye koti na fimbo, akaja taratibu huku akinitazama. Mzee yule hakosi mnada wa ng'ombe hata mmoja. Nilijua akishalisikia jambo hili, wafugaji wote mpaka Buhemba na Bunda watalijua kabla ya wiki kwisha, na wale waliokuwa wakiuliza mwenye duka yuko wapi wataanza kuuliza tena.

"Rudia," yule mama akaniambia. "Yote ulivyoniambia mimi. Huyu asikie."

Jumapili, mbele ya ile simu, nilidhani nimeona kitu cha kushangaza. Lakini nilipomtazama mama yule, mdogo wa umbo, unga mpaka viwiko, amesimama kati yangu na mzee bila kutetemeka, nilishangaa zaidi. Kwa mwaka mzima alikuwa amebeba kosa langu mgongoni mwake, na sasa hakuomba nilipe, wala hakutaka nimwombe msamaha. Alitaka litamkwe tu mbele ya aliyemcheka.

Nikarudia yote kwa sauti, na dalili alizozitaja nikazitaja, na kucheka kwangu dukani nikakusema pia. Yule mama alisimama wima palepale mpaka nilipomaliza. Halafu akamwambia shemeji yake anaweza kurudi zizini.