Mlango wa Kijani

Shangazi yangu ni fundi rangi, na ulimi wake una makali kushinda chuma anachokwangulia kuta. Ukimwuliza umri wake, anakwambia uhesabu madebe aliyomaliza.

Miaka kumi na miwili aliingia kliniki kwa mlango wa kijani. Korido ile ina milango mitano: minne ilikuwa myeupe, mmoja kijani, na kila mtu alijua wa kijani ni wa wenye virusi vya Ukimwi. Shangazi aliingia kichwa juu. Vidonge hakuvikosa hata siku moja, na kila alipopimwa damu jibu lilikuwa lile lile: virusi havionekani.

"Nimevikomesha," alikuwa akisema, huku anawasha sigara.

Mashine ya presha ilikuwa kwenye mlango mweupe wa pili. Huko hakwenda. Kutoka mlango wa kijani kwenda ule mweupe ni hatua kumi mbele ya benchi lililojaa macho, na hakuna muuguzi aliyewahi kumwambia avuke. Mimi hilo linaniudhi mpaka leo.

Siku moja kifua kilimbana akiwa juu ya ngazi. Alishuka polepole, akaosha brashi kwanza, ndipo akakaa chini. Baba, kaka yake, alimkimbiza kwa daktari mpya wa kliniki ile, binti mpole asiyeficha neno.

"Virusi vimelala, mama," daktari alisema. "Ila askari wa mwili wako hawajalala. Miaka yote wako macho, wanahangaika, na ghasia yao inavimbisha kuta za mishipa ya damu kwa ndani. Juu yake kuna presha, kuna sigara. Moyo unakosa damu."

Shangazi aligonga ukuta wa chumba kwa kidole. "Ukuta wenye unyevu huo. Nje unang'aa, ndani plasta inafura."

"Ndivyo hasa."

"Kumbe miaka yote mlikuwa mnanikagua rangi tu!"

Daktari aliinamisha macho. Shangazi hakuinamisha ya kwake.

Nyumbani Baba alitaka ngazi iuzwe. "Dada, kaa tukutunze. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Kaka, habari za nyufa unanifundisha mimi? Kinachoumwa ni mishipa, mikono mizima. Ukiniuzia ngazi, jua umeniuza na mimi."

Pakiti ya sigara aliitumbukiza kwenye kopo la thina ya kuyeyushia rangi mbele yetu sote. Vidonge vya presha na vya mafuta ya damu akaviweka pamoja na vile vya zamani. Miezi mitatu alipaka kuta za chini tu, akinuna, akiwatukana mafundi wa juu kwamba wanadondosha rangi kama ndege. Mwezi wa nne presha ilishuka, daktari akamruhusu apande.

Wiki hiyo hiyo kliniki ilitafuta fundi wa milango. Shangazi aliiomba kazi mwenyewe, nami nikaenda kumshikia ngazi. Mlango wa kijani aliukwangua mpaka mbao zikaonekana, akipumzika kila kifua kilipomwomba. Kisha akaupaka mweupe.

Msimamizi wa kliniki alitoka mbio. "Fundi! Kijani kiko wapi? Wenye virusi watajuaje mlango wao?"

"Watauliza, kama wanavyouliza wanaoumwa meno."

"Nilisema kama zamani! Nitaleta fundi mwingine."

"Mlete. Ila mwambie kijani hicho kilitaka kuniua, na nikikiona tena nakuja na chuma changu."

Shangazi aliosha brashi, akazipiga zile hatua kumi bila haraka, akafungua mlango wa pili na kunyoosha mkono wenye madoa ya rangi.

"Nipimeni presha. Nina virusi, na nina moyo."

Mzee mmoja, niliyemzoea kumwona akijificha nyuma ya gazeti karibu na kijani, alilikunja gazeti lake. Akapandisha mkono wa shati, akapanga foleni nyuma ya Shangazi.