Nakala Arubaini na Moja za Bi Twahira

Twahira Shekhan alitoka eda siku ya Jumatatu, na Jumanne asubuhi akarudi kazini. Dada yake Zamzam alimsihi apumzike hata wiki moja zaidi. Akajibu kwamba amepumzika miezi minne na siku kumi na haoni tofauti.

Kazi yake ilikuwa mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, katika kituo kidogo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Watu wa visiwani huja hapo kusaidiwa mambo ya hati: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, karatasi za mashamba. Huja na makaratasi yao yamekunjwa ndani ya mifuko ya plastiki, mengine yana umri mkubwa kuliko wao wenyewe. Kituo huyapiga skani, huyahifadhi kwenye kompyuta, kisha huwarudishia wenyewe. Twahira aliajiriwa mwaka 2013 kukaa kwenye ile mashine ya skani. Kompyuta hakuisomea chuoni. Alijifunza kwa kusoma maandishi yote yanayotokea kwenye kioo, na kwa kumpigia simu fundi mmoja wa Mombasa mpaka fundi akawa hapokei tena.

Mwaka uliofuata, bila kuagizwa na mtu, akaanza kuchukua bakapu, yaani nakala ya akiba, ya diski nzima kila baada ya miezi mitatu. Si faili moja moja. Programu ilikuwa ikiichukua kompyuta yote kama ilivyo siku hiyo, na kila kilichomo ndani, na kuifunga katika faili moja kubwa. Kufikia mwaka aliofiwa alikuwa na nakala arubaini na moja katika diski tatu za nje, zote zimeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

Mumewe alikuwa Haidar, fundi wa mashine za boti. Alianza kuvimba miguu mwezi wa Shaabani, akapelekwa Mombasa, akaambiwa ni figo. Twahira alirudi Lamu siku mbili kuchukua nguo na kadi ya bima. Alipokuwa njiani kurudi, basi likiwa Garsen, simu ikalia. Walimzika alasiri hiyo hiyo, kabla hajafika. Alipoingia nyumba ya shemeji yake alikuta viatu vingi mlangoni na wanawake wakisoma, akakaa alipoonyeshwa pa kukaa. Watu walingojea alie. Wengine walidhani anajikaza. Yeye mwenyewe alingojea pia, kisha akaacha kungojea.

Jumanne hiyo ya kurudi kazini, Bwana Husseini, mkuu wa kituo, alimpa pole tena, akamwachia dakika chache, halafu akamweleza habari. Wafadhili wameleta kompyuta mpya mbili. Ile programu ya zamani ya bakapu haikubali kufanya kazi ndani yake. Limenunuliwa toleo jipya, na fundi kutoka Nairobi amekuja kuliweka.

Fundi aliitwa Kipchumba, kijana mrefu mwenye adabu, ambaye kichwa chake kilikuwa kimegonga boriti ya mlango mara mbili tangu asubuhi.

"Madam, ni kazi ya siku mbili tu," akasema. "Leo naweka programu, kesho nawafundisha. Ndege yangu ni Alhamisi."

Twahira akavuta kiti akakaa kando yake. Kipchumba aliunganisha diski ya kwanza, na programu mpya ikaiona mara moja. Kioo kikauliza kama inaruhusiwa kuichukua diski hiyo iwe chini ya utaratibu wake mpya. Kipchumba alikuwa ameshapeleka mkono kwenye kitufe cha kukubali.

"Ngoja," Twahira akasema.

"Ni swali la kawaida tu, madam."

"Nataka kulisoma."

Akalisoma. Tangu kufiwa kusoma hakukumchosha, kwa sababu hakuwa na haraka ya kwenda popote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, yaliandikwa mambo mawili. La kwanza, kwamba nakala zilizotengenezwa na matoleo ya zamani huenda zisifunguke katika toleo hili. La pili, kwamba programu itabakisha nakala za siku tisini za mwisho na kufuta zilizobaki ili kupata nafasi.

"Itafuta," akasema.

Kipchumba akainama, akasoma naye. Akaona haya. "Kweli. Hiyo inaweza kuzimwa." "Lakini madam, nisikudanganye. Hizi za zamani hata tukizibakisha, programu mpya haitazifungua. Mimi ningeziacha tu tuanze upya. Nani atakuja kutafuta kitu cha 2015?"

Twahira aliinuka. Alichomoa diski, akaenda nayo mpaka chumba cha Bwana Husseini.

"Nahitaji siku ishirini," akamwambia.

"Kijana anasema mbili."

"Kuiweka programu ni siku mbili. Kabla ya hapo nataka nifungue kila nakala nione kama ni nzima. Nataka kompyuta kuukuu ibaki na programu yake ya zamani, isiunganishwe na mtandao, isiguswe na mtu. Na nataka diski mpya mbili za kuhamishia."

Bwana Husseini alimtazama. Baadaye alimwambia Nasreen, mwenzake Twahira wa mapokezi, kwamba alikubali kwa sababu mama huyo aliongea bila kupandisha wala kushusha sauti, na hakuona pa kushika ili abishane naye.

Kipchumba aliahirisha ndege mpaka Jumamosi. Aliweka programu mpya kwenye kompyuta mpya, akazima kile kipengele cha kufuta, akamwonyesha Twahira namna ya kuhakikisha kwamba faili lililonakiliwa halikubadilika hata herufi moja. Siku ya kuondoka alimwachia namba yake. "Ukikwama, nipigie wakati wowote. Mimi napokea," akasema.

Basi ikaanza kazi yenyewe. Kila asubuhi, na tena kila alasiri, Twahira alinakili faili moja kwenye diski mpya, akalilinganisha na la zamani, kisha akalifungua kwenye kompyuta kuukuu, akaingia ndani na kufungua hati tatu au nne alizozichagua bila mpango. Halafu alizitoa hati zote zilizomo na kuziweka kama picha za kawaida, ili siku moja hata hiyo programu ya zamani ikifa, karatasi zisomeke. Faili moja lilichukua saa tatu, mengine nne. Alikuwa na daftari la mistari. Upande wa kushoto tarehe ya nakala, upande wa kulia neno moja: Inafunguka.

Nasreen alikuwa akimletea chai ya tangawizi na mahamri. Chai aliinywa ikiwa imepoa. Siku moja Nasreen alimuuliza kama hachoki kuangalia mstari ukitambaa kwenye kioo tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

"Sichoki," Twahira akasema. "Nikikaa nyumbani naangalia ukuta."

Siku ya tatu alifungua nakala ya Juni 2015. Wakati huo kompyuta ya kituo ilikuwa moja tu, nayo ikitumiwa na yeye. Ilipofunguka, picha ya mbele ikatokea kama ilivyokuwa siku ile: Haidar amesimama kwenye maji ya magotini mbele ya gati, amevaa ovaroli ya buluu, ameshika rafadha, lile panga la mashine la kusukuma boti, kama mtu aliyeshika samaki mkubwa, na anacheka. Twahira ndiye aliyempiga picha ile. Alikuwa ameisahau.

Aliitazama kwa muda. Aliona kwamba kifungo cha pili cha ovaroli hakikuwapo. Akakumbuka kwamba alikishona, na hakukumbuka zaidi ya hapo. Kisha akafungua folda ya hati, akajaribu nne, zote zikasomeka, na akaandika katika daftari: Inafunguka.

Nasreen alikuwa amesimama nyuma yake na sinia.

"Umeiona?" akamuuliza polepole.

"Nimeiona."

"Na umehisi nini, Bi Twahira?"

Twahira alifikiri, maana alitaka kumjibu kweli. "Kwamba faili halijaharibika," akasema.

Nasreen alitoka na sinia, chai ikiwa bado juu yake.

Nakala mbili hazikufunguka. Moja, ya Septemba 2018, ilipatikana nzima kwenye diski ya tatu, kwa kuwa mwaka ule alikuwa ameirudia mara mbili kwa wasiwasi wa umeme. Nyingine, ya Machi 2016, ilikuwa imeoza kabisa. Alimpigia Kipchumba, naye kweli akapokea. Walijaribu siku mbili nzima kwa simu, na mwishowe Kipchumba akasema anasikitika. Twahira akamshukuru. Akaandika: Haifunguki. Aliangalia neno hilo kwenye ukurasa, akageuza, akaendelea na ya Juni.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa alipokuja Bi Khairiya wa Siyu. Alipanda ngazi akipumua kwa shida, akiwa na mjukuu wake Wafaa, msichana wa miaka kumi na tisa aliyemaliza shule na kukaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu hana kitambulisho. Bi Khairiya alikuwa hafiki hamsini na tano kwa umbo, lakini alisema ana sabini.

"Nimekuya mara tatu, mwanangu," akamwambia Twahira. "Mara ya kwanda nikaambiwa uko eda, nikakuombea. Mara ya pili wakatafuta, hawakuona. Mara ya tatu wakaniambia labda sikuleta. Nami nililichukua bweta la marehemu kwa mikono yangu, nikalileta hapa, nawe ndiwe uliyezipiga karatasi."

"Karatasi zenyewe ziko wapi sasa?"

"Nyumba iliwaka moto. Makuti yote yalikwenda. Sikutoa ila watoto."

Wafaa akaeleza kwa Kiswahili cha shule kwamba ofisini wanataka ushahidi wa babu, na kwamba babu alikuwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha zamani, vyote vilikuwa ndani ya bweta, kile kisanduku chake.

Twahira aliuliza ilikuwa mwaka gani. Bi Khairiya hakumbuki mwaka, anakumbuka kwamba ilikuwa baada ya Maulidi na mvua ilikuwa kubwa. Twahira akaichukua diski ya kwanza. Alijua jambo ambalo wenzake wapya hawakulijua: mwaka 2016 kompyuta ile ilikufa, na fundi alipoirudisha, diski aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, akaacha nje folda za watu waliokwisha kuhudumiwa. Za Siyu zilikuwa miongoni mwa hizo zilizoachwa. Zilibaki ndani ya nakala za zamani tu, na watu waliotafuta walitafuta kwenye kompyuta ya sasa.

"Ina la marehemu?" akauliza, na bila kujua neno jina alilisema kwa Kiamu, kama lilivyosemwa nyumbani kwao utotoni.

"Idris. Idris Musab."

Nakala ya Juni 2015, ya mvua kubwa za mwisho kabla ya kompyuta kufa, ilifunguka tena, na Haidar akatokea tena na rafadha yake. Twahira aliipita. Aliingia folda ya Siyu, akatafuta, akapata kurasa saba. Cheti, pande mbili. Kitambulisho. Risiti ya shamba la minazi. Barua ya kadhi. Akavipiga chapa vyote, akavipanga, akamkabidhi.

Bi Khairiya alivishika karibu na macho. Aliliona jina, kisha picha ndogo ya kitambulisho, kijana mwenye shingo nyembamba aliyemwangalia mpiga picha kwa hofu. Akalia. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha mapokezi, mjukuu wake akimpangusa kwa pembe ya buibui. Nasreen naye akaanza kulia kule alikokuwa.

Twahira alisimama na bahasha mkononi. Alimtazama yule bibi kama mtu asiye na njaa anavyotazama mwenzake akila: alijua ni kitu kizuri, alijua kuwa naye aliwahi kukila. Alipoona kilio kimepungua, akaziingiza karatasi ndani ya bahasha na kuandika juu yake majina.

"Kila ukurasa ninao mara tatu sasa," akamwambia. "Hata hizi zikiungua, njoo."

Bi Khairiya alimshika mkono akauweka kifuani pake, akauacha hapo kwa muda, akasoma dua. Twahira akaitikia amin.

Kazi iliisha siku ya ishirini na tatu. Nakala arubaini zilikuwa nzima, moja imepotea. Kompyuta kuukuu ilifunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati, ikiwa na karatasi iliyobandikwa: Usiguse. Programu mpya ikaanza kuchukua bakapu zake yenyewe kila Alhamisi, kwa dakika arubaini, bila kusimamiwa. Kitambulisho cha Wafaa kilichukua miezi mitano zaidi, na safari nyingine mbili, lakini kilitoka.

Seti moja ya diski haikutakiwa kukaa nyumba moja na nyingine, kwa hiyo Twahira akaihifadhi mtaa wa Wiyoni kwa dada yake Zamzam, ndani ya bati la biskuti lenye mfuniko wa kukaza. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri hupeleka diski ya wiki na kurudi na ya zamani. Zamzam humpakulia wali, naye hula, na safari nyingine huomba kuongezwa.

Alhamisi moja Zamzam alimwambia, "Jinyooshe hapo kidogo, kuna upepo." Mara zote zilizopita alikuwa akikataa. Siku hiyo alivua viatu, akalala juu ya mkeka akiwa na mkoba wake chini ya kichwa, na usingizi ukamchukua mpaka adhana ya alasiri. Alipoamka alikuwa na alama za mkeka shavuni. Zamzam alikuwa amemfunika leso.