Namna Programu ya Zamu za Malori Ilivyozimwa

Nitenganishe kwanza mambo mawili. Niliyoyaona ndani ya ofisi ya yadi ya malori hapa Tunduma nitayaandika. Yanayosimuliwa stendi, kwamba kompyuta ilikataa kufa kwa sababu mzee mmoja wa Mbozi aliifanyia dawa, niliyasikia tu, na ninayataja ili niyatupe. Mzee huyo ni mimi.

Nilifundisha hisabati hadi nikastaafu, kisha nikaiandikia yadi hiyo programu ya kupanga zamu za malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Ilifanya kazi miaka mingi nyuma ya programu nyingine, bila kuonekana kwenye kioo. Zamu za malori yaliyomo yadini ilizishika katika kumbukumbu ya muda. Kuizima kulikuwa na utaratibu: unaiamuru, inakataa lori jipya, inaziandika kwenye diski zamu zote ilizozishika, ndipo inajifunga. Ukiikata ghafla, zamu zinapotea. Na kwa sheria ya yadi, lori lisilo na zamu hurudi mkiani mwa foleni.

Siku mwenye yadi alipoleta fundi wa kuweka programu mpya, lori lililokuwa karibu na lango lilibeba ng'ombe wa Kamsamba. Dereva wake alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Mwalimu, hawa wamesimama tangu jana. Mmoja akilala, wenzake watamkanyaga afe. Nisirudishwe mkiani.”

Fundi hakugeuka. “Mzee, hili kopo lako tunachomoa tu, tunaweka kitu kipya.”

“Toa kwanza amri ya kulizima.”

“Umeme wa Tunduma unakatika kila siku. Limewahi kukuaga?”

Mwenye yadi akacheka. “Mwalimu analililia kama mjukuu.”

Ujinga huo ulikuwa na chanzo. Chini ya meza palikuwa na betri ya akiba, niliyodai inunuliwe. Ofisi nzima ilikuwa imeisahau, kwa kuwa makarani waliifunika kwa kitambaa cha kufuma wakaweka chupa ya chai juu yake. Kila mtu aliamini ni kijimeza. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika na programu ikaendelea, waliona kwamba kukatiwa umeme hakuidhuru.

Fundi akachomoa waya ukutani. Kompyuta ikaendelea kuwaka. Akautazama waya mkononi mwake kama mtu aliyeshika nyoka.

“Yesu wangu!” karani akasema, akatoka mbio. Nilimwona akitoka. Aliyoyasema huko nje sikuyasikia, ila naamini dawa yangu ilichemshiwa hapo.

Betri ikaanza kulia chini ya kitambaa. Fundi akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuzimia. Nikalaza fimbo yangu juu ya kitufe.

“Ukigusa, nitakivunja kidole hicho.”

“Haji, mtoe huyu babu!”

Haji, yaani mwenye yadi, alikuwa ameacha kucheka. Kabla hajajibu, dereva aliingia akasimama kati ya fundi na meza. “Mwache mwalimu amalize. Au twende wewe ukanyanyue ng'ombe kwa mikono hiyo laini.”

Niliandika amri. Kioo kikajibu kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe zamani: lori jipya halipokelewi, zamu zinaandikwa, zamu zimeandikwa. Kisha programu ikajifunga. Sikuona huzuni yoyote, wala sikumsamehe fundi.

“Sasa rudisha waya,” nikamwambia, “uzisome zamu hizo kwenye hicho kitu chako kipya.”

Alizisoma huku amenuna. Ya kwanza ilikuwa ya lori la ng'ombe. Haji mwenyewe akapiga kelele lango lifunguliwe.

Wapo wanaosema ng'ombe wote walivuka salama, na wapo wanaosema wawili walikufia ng'ambo. Sikuvuka nao, na wanaosema hawakuvuka pia. Nilitoka nikasimama langoni, lori likanipita polepole, nikachungulia katikati ya mbao. Hakuna ng'ombe aliyekuwa amelala.