Vita vya Kijani na Nyekundu Mjini Busia

Ukifika Sofia, upande wa Uganda wa mji wa Busia, ukaulizia mambo ya kompyuta, usijisumbue kutafuta mtu mwingine. Wataelekeza kidole kwa Adeke. Mwanamke mrefu, mdomo wake hauna breki, na duka lake limepakwa rangi ya kijani hadi kizingiti. Anauza kadi za grafiksi, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili picha zitembee bila kukwama. Wateja wake ni vijana wa gemu na mafundi wa video, wale wanaorekodi harusi na mazishi kuanzia Mulanda hadi Kirewa. Hao kompyuta ikiwagandia bibi harusi akiwa katikati ya kukata keki, wanatamani ardhi iwameze.

Alianzia kazi hii kwenye duka la intaneti kule Tororo, enzi maboksi ya kadi yalikuwa na picha za majoka na wanawake wenye mapanga, utadhani ndani kuna sinema. Hapo ndipo alipoanza kufuatilia ugomvi wa watengenezaji, kama wengine wanavyofuatilia mpira. Alisoma habari za kampuni ya zamani iliyokuwa moto wa kuotea mbali, ikaishia kununuliwa na mpinzani wake. Akawafuata wawili waliobaki wakitawala uwanja, Nvidia wa kijani na AMD wa nyekundu. Huyu akitoa kadi, yule anashusha bei. Huyu akikuza namba, yule anaongeza herufi mbele ya namba yake. Kila mmoja alikuwa na grafu zake, na katika kila grafu mwenye grafu ndiye mshindi, ajabu ya Mungu!

Adeke alicheka, lakini aliona jambo ambalo wengi hawakuliona. Mtu akishasikia kelele za wale wawili, haulizi tena kama anahitaji kadi. Anauliza achukue ya nani.

Sasa, kaka yake, Olupot, alikuwa na duka la simu ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, na duka lenyewe lilikuwa linapumulia mashine. Adeke alimfuata na mpango wake. Wewe nawe uuze kadi, uwe mwekundu, mimi niwe kijani, tutukanane. Olupot ni mtu mpole, mtu wa kanisa, akasema ndugu wa tumbo moja hawatukanani hadharani. Adeke akamwambia hata wakuu wa kampuni zile mbili, kwa wanaofuatilia mambo, ni ndugu wa ukoo mmoja, na hakuna aliyekufa. Sharti lilikuwa moja tu, wasionekane pamoja. Mteja akiwakuta wanacheka meza moja, mchezo umekwisha.

Basi wee, Busia ilichangamka. Asubuhi Adeke alishika kipaza sauti akatangaza kwamba kadi za kaka yake zinatoa joto la kukaanga samaki. Olupot akajibu kwamba kwa dada yake unalipia boksi, kadi unaongezewa kama bakshishi. Watu walivuka mpaka kupeleka maneno, wakarudi na majibu, na katika kwenda na kurudi wakanunua. Zikatokea fulana za kijani na fulana nyekundu. Fundi mmoja wa video, Matayo, mwekundu wa kufa mtu, alikataa kurekodi harusi kwa sababu bibi harusi alichagua mapambo ya kijani. Miaka ikapita, duka la Olupot likasimama wima, la Adeke likapanuka. Tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kujisifu, na alijisifu sana.

Kitu ambacho hawakukipigia hesabu ni mama yao, kule Merikit. Habari zilimfikia zikiwa zimetiwa chumvi ya kutosha. Wanao hawasalimiani, wametengana kwa sababu ya vyuma vya kompyuta. Mama hakupiga simu kuuliza. Alipeleka shauri kwa ukoo, na ukoo ukafanya kile unachofanya ndugu wakikosana. Watu wakapika malwa, ile pombe ya ulezi, wakaita kikao. Waliogombana huketi mbele ya wote, kila mmoja anataja kosa la mwenzake, kisha wote wawili wanavuta kwa mirija kutoka chungu kimoja. Anayekataa kuvuta amejitenga na ukoo, na hata akifiwa watu watakuja shingo upande.

Adeke alipoitwa alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akikubali kupatanishwa, mchezo umekufa na maduka mawili yanarudi kulegalega. Akikataa, mama yake mzazi atabaki na uchungu ule hadi kaburini. Wakapanga kwenye simu, yeye na Olupot. Wangekwenda, kila mmoja angetaja kosa la kibiashara la kubuni, kisha wangeomba muda wa kufikiri, malwa isiguswe. Mama angeelezwa pembeni baadaye. Adeke hakuwa na wasiwasi hata chembe. Mtu aliyeiendesha Busia nzima kwa kipaza sauti, atashindwa na kikao cha Merikit?

Siku ilipofika, wateja nao walikuja, nani angekosa. Fulana za kijani zilikaa huku, nyekundu kule, na Matayo alikuwa na kamera yake begani. Baba mdogo Edeku, aliyeongoza kikao, aliwatazama wageni hao akauliza kama ni timu zilizokuja kucheza.

Adeke alitangulia. Alitaja kosa walilopatana, eti kaka yake anamnyang'anya wateja mlangoni, na alilitaja vizuri, na machozi kidogo juu yake. Ikafika zamu ya Olupot. Alisimama, akaangalia viatu vyake.

"Binti yangu ana miaka miwili," akasema. "Nimempa jina la dada yangu. Dada yangu hajawahi kumshika."

Adeke alimtazama usoni, akitafuta kile kicheko ambacho kaka yake hukificha pembeni ya jicho. Hakukiona. Huyu mtu hakuwa anaigiza. Nguo za mtoto Adeke alikuwa amezituma, tena nzuri, kwa bodaboda. Kwenda mwenyewe alikuwa anaahirisha, maana kuonekana mchana kweupe akiingia nyumba ya mwekundu ni kuua biashara. Aliahirisha hadi mtoto akatembea. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, na akainuka kabla hajaruhusiwa.

"Ugomvi wenyewe haupo," akasema. "Tuliutengeneza mimi na yeye. Ni matangazo."

Fulana zikatazamana. Matayo alishusha kamera kama mtu aliyepigwa kofi. Adeke alijua pale pale amelitia duka lake kitanzi, lakini angalau, alijiambia, mama atafurahi. Mama hakufurahi. Alikaa vile vile kwenye mkeka wake, akauliza kwa Kiteso, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kama ni uongo, Krismasi mlikuwa wapi?"

Walikuwa wamegawana sikukuu, mmoja anakuja kwa mama Krismasi, mwingine Mwaka Mpya, ili wateja wasije wakawakuta pamoja njiani. Walijiona wajanja kweli.

Edeku akasema basi ugomvi upo, ila wenyewe hawakuwa na habari nao, na akaonyesha chungu. Adeke alivuta wa kwanza, wala hakujali kwamba kamera ya Matayo ilikuwa imeinuka tena. Akampa kaka yake mrija. Olupot hanywi pombe, lakini siku hiyo alivuta.

Matayo, bado na kinyongo, akataka aambiwe basi ukweli, kadi ipi ni nzuri kwa kazi ya harusi. Adeke akamjibu kwamba vita vinaendelea Jumatatu kama kawaida, safari hii kila mteja alete video yake mwenyewe, ijaribiwe kwenye kadi zote mbili, yeye na kaka yake wakiwa wamesimama bega kwa bega. Anayeogopa asije. Fulana zikaanza kubishana upya, na Adeke akajua hapo bado kuna biashara.

Ndipo Resty, mke wa Olupot, alipokuja na mtoto, akamweka mapajani mwa shangazi yake. Mtoto alimtazama yule mwanamke mrefu asiyemjua, akaangua kilio, akamnyooshea baba yake mikono. Olupot akainama amchukue.

"Mwache alie," Adeke akasema. "Ana haki."

Watu walianza kuondoka, na wengine walimwita waende pamoja Busia. Alikaa pale na mtoto wa kaka yake akimlilia kifuani, mpaka mtoto akachoka, akanyamaza, akalala.